Nilivyokwenda Kariakoo Kumkataa Mtu wa Bubu

Mmeniuliza kisimani, mmeniuliza msibani, na jana Mama Hamisi kanifuata mpaka shambani, jembe begani, ati nimweleze habari za Dar es Salaam tangu mwanzo. Nimechoka kusema jambo moja mara kumi. Naliandika hapa. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na asiongeze chumvi, niliyotia mimi inatosha.

Nilichoendea mnakijua. Yule mwuza mikeka aliyetoka pwani alisimama mlangoni pangu mbele yenu, akasema mjukuu wangu Mwajuma ameposwa huko Kariakoo, ameposwa na mtu wa bubu, na shangazi yake anangoja neno langu tu. Nyinyi ndio mliosema "Masikini!" kabla yangu. Mwajuma nimemlea mimi tangu hajaota meno. Nilimpeleka kwa binti yangu Tatu akamsaidie uzazi, sikumpeleka akaozwe. Nikafunga mzigo kwenda kusema hapana kwa mdomo wangu mwenyewe, maana hapana ukimtuma mtu, hufika imekuwa labda.

Tabora mpaka Dodoma

Mambo ya tiketi nayaacha, hayana utamu. Gari la moshi ni benchi za mbao na watu juu ya watu. Linakula kuni kama tanuri la chokaa, na cheche zake zinaingia dirishani bila hodi. Moja ilitua kwenye kanga yangu mpya ikatoboa palepale penye maneno, ikala neno la katikati. Sasa kanga ile haisemi kitu. Nimeigeuza ya jikoni.

Itigi akapanda mwanamke mmoja mnene wa Kiarabu, buibui yake imejaa vumbi, kwapani kabana jogoo.

"Mama, nisogezee kidogo nikae. Jogoo huyu hadonoi."

"Anadonoa," nikamwambia, maana alikuwa keshanidonoa.

"Basi anadonoa kidogo."

Huyo ndiye Bi Salha. Mumewe ana duka karibu na soko la Kariakoo, naye alikuwa ametoka kumwuguza nduguye. Alikaa akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka baharini. Nilimwambia safari yangu ni ya kwenda kumkataa bubu aliyemposa mjukuu wangu. Akafikiri kidogo, akasema, "Mimi nimeolewa na msemaji, mama, wala sikushauri."

Dodoma tukashuka kununua chakula. Nilimwonyesha mama mmoja wa Kigogo mayai yake, nikamfanyia ishara ya kula, akasema maneno tele, akaitikia kwa kichwa na kucheka. Nikapanda na yai langu, nikaligonga kwenye benchi, likanimwagikia kifuani. Kumbe yule mama aliuza mabichi, ya kuatamia. Alikuwa amenionya kwa Kigogo, nami nikaitikia kila neno kama mtu anayeelewa. Hilo ni kosa langu. Lakini angalau angetikisa yai.

Maji ya Mkata

Tulipopita Kilosa mvua ikashika. Tukafika bonde la Mkata, gari likasimama, na lilipozidi kusimama tukajua. Maji yamepita juu ya reli. Gadi, msimamizi wa gari, akapita akisema tungoje yapungue, na alisema kwa upole sana, kwa hiyo nikajua hajui yatapungua lini.

Kungoja kwenyewe kulikuwa hivi. Siku ya kwanza watu walinuna, kila mtu na fungu lake la chakula mgongoni kama mwizi. Siku ya pili njaa ikawafanya ndugu. Mimi nikatoa mchele wangu, mwingine akatoa sufuria, na Bi Salha akamtazama jogoo wake kwa muda mrefu, akasema, "Umenidonoa vya kutosha." Akatafutwa wa kumchinja. Tukamwomba gadi, akasema yeye ni mtu wa misheni. Kila aliyekuwa Mwislamu akadai kisu chake ni butu. Mwisho akaja mzee mmoja aliyekuwa amelala safari nzima, akachinja, akarudi kulala, na hata mnofu hakuomba. Tulimpelekea paja.

Kulikuwa na Baniani mmoja mwuza nguo. Alipoona damu alihamia upande wa upepo akajiziba pua, nami nikadhani ametukasirikia. Baadaye akaja na kopo la achari ya embe. "Mama, mimi hapana kula roho," akasema. "Lakini embe hana roho. Chukua." Wali ule na achari ile sijapata kuula tena.

Tulipokwisha kula, Bi Salha akajilaza kwenye mzigo wangu, akasema, "Basi mama, na yule binti aliyechukuliwa na maharamia!"

"Binti wa nani?"

"Wa tajiri mmoja wa ng'ambo. Wamemkamata, wamemfunga kamba kwenye mlingoti, mvua inampiga."

"Lini haya?"

"Kabla sijaja Itigi. Nililia, mama, mpaka buibui ikalowa."

"Na wazee wake?"

"Hawakuonekana."

"Hawakuonekana! Na wewe ulikuwapo unatazama tu?"

"Ningefanya nini? Tulikuwa watu tele, tumekaa tunatafuna njugu."

Nikajivuta pembeni. Nilijiambia nimelala mgongo kwa mgongo na mwanamke asiye na roho. Alipoona nimenuna akacheka mpaka gadi akaja kutazama kuna nini. "Ni picha, mama! Sinema! Vivuli vya watu vinatembea kwenye pazia jeupe, vinapigana, vinapendana, halafu taa inawashwa unakwenda nyumbani."

"Ungeanza na hilo," nikamwambia.

Basi mpaka maji yalipopungua nilijua habari za watu ambao hawajazaliwa. Kuna mmoja wa upanga aliyeruka kutoka darini akatua juu ya farasi, na farasi hakushtuka. Hilo nililikataa. Farasi ni mnyama wa kushtuka.

Stesheni mpaka nyumba ya Tatu

Kwa kuwa tulichelewa, stesheni hapakuwa na mtu wa kunipokea. Bi Salha akakodi mkokoteni wa hamali, tukaufuata kwa miguu kupita Uhindini, maduka ubavu kwa ubavu, kila ukumbi kuna bibi wa Kihindi amekaa anachambua mchele na kukutazama. Ukutani pamebandikwa karatasi kubwa: mwanamume wa Kizungu kashika upanga, mwanamke kamwangukia mkononi kama nguo iliyoanuliwa kambani. Bi Salha alisimama akamtazama yule bwana kama shemeji yake aliyetoka safari.

Tukavuka uwanja wa Mnazi Mmoja, tukaingia Kariakoo. Jina hilo silipendi, nawaambieni kweli. Ni la wale wapagazi wa vita ya Wazungu waliokusanywa pale, na baba yake Mwajuma, mwanangu, alichukuliwa kubeba mizigo hiyo akiwa ametoka kununua chumvi. Hakurudi. Sasa penye kambi yao wanauza nyanya. Nyanya zenyewe ni nzuri.

Bi Salha akaniacha kwenye kona ya mtaa, akaingia dukani kwake. Mitaa ya kule imenyooka kama imepigwa kamba na nyumba zote ni ndugu: baraza, mlango, ukumbi. Nikamwuliza mtu aliyekuwa barazani, "Nyumba ya Tatu ni ipi?"

"Hesabu kutoka kona," akasema. "Moja, mbili, hiyo."

Nikaingia. Watu walikuwa wamejaa ukumbini, wakanipisha, wakanipa mkeka, wakaniletea chai na mkate wa kumimina. Wanawake wawili wakanishika mkono wakalia. Nami nikalia kidogo, nikidhani wanaliona jambo la Mwajuma kama ninavyoliona mimi. "Masikini, hata hakusema neno," mmoja akaniambia. Nikasema, "Angesemaje naye ni bubu?" Wakanitazama. Ilikuwa hitima ya mzee wa nyumba ile. Nyumba ya tatu ilikuwa ya tatu kweli, na Tatu wangu alikaa ya sita. Waliponielewa walicheka kwa siri, wakanifungia na mkate wa kwenda nao, na wajukuu wa marehemu wakanipeleka mpaka mlangoni. Watu wa Kariakoo wana adabu, wakitaka.

Barazani kwa Tatu

Mwajuma akaja mbio, "Shikamoo bibi!", akanishika miguu. Amenenepa. Nikasema marahaba, nikakaa, na sikungoja chai ipoe.

"Ni kweli mtu huyo ni wa bubu?"

"Kweli, bibi," akasema, na uso unamng'aa. "Mji mzima unamjua kwa bubu."

"Na anakula nini?"

"Bubu ndiyo kazi yake. Watu wanatoa pesa waingie wamwone."

"Wanalipa kumtazama?"

"Wanajaa, bibi. Wengine wanasimama."

Nikamgeukia Tatu. "Na wewe, mtu mzima, umekubali?"

"Mwanzo sikutaka, mama. Nilisema bubu si kazi ya mtu mwenye heshima. Lakini nilikwenda nikamwona, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma."

"Umemcheka?"

"Kila mtu anamcheka. Mwenyewe anapenda."

Nikaomba maji.

Kesho yake akaja mshenga, Mzee Feruzi, mwenye tarbushi nyekundu na maneno mengi, na nyuma yake huyo kijana, Rajabu, mrefu, mwembamba, kitambaa kimezungushwa shingoni. Posa mnaijua, mposaji hajisemei, mshenga ndiye humsemea. Lakini hata salamu? Rajabu alipiga magoti, akaninyenyekea, akashika koo lake, akatikisa kichwa. Neno hakutoa.

"Umsamehe, mama, leo hasemi," akasema Feruzi. "Mimi ndiye mdomo wake."

"Naona. Amezaliwa hivi?"

"Amezaliwa hivi hivi! Kipaji cha Mungu, mama. Hata babu yake alikuwa hivyo."

"Ala! Kinarithiwa?"

"Inshallah, na watoto wao watakipata."

Hapo damu ikanipanda. Tatu na Mwajuma walikuwa uani na vyungu vyao, hapakuwa na wa kunizuia. Na kwa kuwa bubu niliowajua mimi wote walikuwa viziwi, sikushusha sauti. "Feruzi," nikasema, "mjukuu wangu sikumlea kwa maziwa ya mbuzi nije kumpa mtu asiyeweza kuniambia shikamoo. Mtazame. Shingo kama mbuni. Na kanzu hiyo ameazima, mabega si yake!"

Feruzi akamnong'oneza kijana. Kijana akafumbua mdomo, akajikaza, ikatoka "khhh", kama mlango wa ghala.

"Msimtese!" nikasema. "Mwacheni aende nyumbani. Jibu langu ni hapana."

Wakaondoka. Mwajuma aliposikia hakulia kwa sauti, alikwenda akakaa na mgongo wake ukutani, chakula hakula. Huyo mwenye kula ndizi mbichi! Jioni Tatu akaja kukaa karibu yangu.

"Mama, umemkataa hujamwona kazini. Twende kesho alasiri umtazame. Ukirudi ukasema hapana, Mwajuma atasema hewala na mimi sitakuuliza tena."

Nikakubali. Nilitaka liishe niwahi palizi.

Uhindini, mbele ya pazia

Jumba lenyewe ni la tajiri wa Kihindi. Nje watu wanasukumana, wauza njugu wanapiga kelele, "Bubu mpya! Bubu imeshuka bandarini juzi!" Nikamshika Tatu mkono. Niliona mji huu una ugonjwa.

Tukaingia, mimi, Tatu na Mwajuma, benchi za wanawake upande mmoja. Wakafunga madirisha, wakauzima mchana, nyuma yetu mashine ikaanza kukereza, na mbele pazia likajaa Wazungu. Walikuwa wakubwa kama milango. Midomo inakwenda, sauti hakuna. Kisha kandoni mwa pazia ikatoka sauti, nzito kama ya sultani: "Nani anagonga lango langu?" Ikafuata nyembamba ya kike: "Ni mimi, baba, nimerudi na mvua." Kila mdomo uliofunguka pale ulipata sauti yake. Farasi akikimbia, sauti ile inakimbia. Mbwa akibweka, inabweka.

"Nani huyo anayesema?" nikamwuliza Mwajuma.

"Rajabu."

"Rajabu gani?"

"Rajabu wangu, bibi."

"Rajabu ni bubu!"

"Hapana, bibi. Bubu ni wale," akanyoosha kidole kwenye pazia. "Yeye ni mtu wa bubu, ndiye anayewasemea. Juzi sauti ilimkauka, tajiri kaonyesha picha mpya asubuhi na jioni. Alikunywa tangawizi siku nzima ndipo akapona."

Mnadhani niliona haya? Niliona kidogo. Lakini sikupata nafasi, kwa sababu kwenye pazia akatokea kikongwe mmoja wa Kizungu mwenye fimbo, na mbele yake kijana kapiga goti na koti lake, anamwomba binti. Kikongwe akatikisa fimbo. Na ile sauti, sasa ya kizee, ya Kitabora hasa, ikasema:

"Mjukuu wangu sikumlea kwa maziwa ya mbuzi! Shingo kama mbuni! Na koti hilo umeazima, mabega si yako!"

Jumba likapasuka kwa kicheko. Mwanamke wa mbele yangu alimpiga mwenziwe mgongoni. Nami sijui nilisimamaje, nilijikuta nimesimama.

"Maneno yangu hayo! Nirudishie!"

"Kaa chini, bibi, tuone pazia!" wakapiga kelele nyuma.

Lakini Rajabu alikuwa amenitambua. Akakata neno katikati. Kikongwe anafumbua mdomo, kijana anafumbua mdomo, farasi anatikisa kichwa, na jumba zima kimya, mashine tu inakereza. Watu wakaanza kupiga miguu chini. "Sema! Sema!" Ndipo ile sauti ya kizee ikarudi, polepole: "Lakini... bibi huyu alikuwa na haki, enyi watu, kwani mtoto hakuwa na baba, naye ndiye aliyekuwa baba na mama." Wakanyamaza. Mmoja akasema, "Kweli." Nikakaa.

Siku nilizokwenda kumpeleleza

Mngedhani yaliishia hapo. Hayakuishia. Nilikwenda kumkataa asiyesema, nikakuta anayesema kupita kiasi. Mtu anayeweza kumwapia mwanamke mapenzi kwa sauti ya sultani, ya askari na ya mwizi, kila siku, mbele ya benchi zima la wanawake, nitajuaje akimwapia wangu ni yupi anayeapa? Nikamwambia Tatu jibu bado. Na nikarudi jumbani kumchunguza. Narudia, kumchunguza. Bi Salha aliponiona kwenye benchi mara ya tatu na njugu mkononi, alitaka kusema kitu, nikamwambia atazame mbele.

Mama Hamisi aliniuliza, wakileta sinema Tabora, atazame zipi. Atazame ile ya mlinda daraja, mtu mmoja na upanga wake anazuia jeshi ili wanakijiji wavuke, na binti wa mwenye kinu anamletea mkate katikati ya vita. Hiyo ina adabu na ina mkate. Ya maharamia pia ni nzuri. Bi Salha hakunieleza mwisho: yule binti anajifungua kamba mwenyewe, anavaa suruali, anawaamuru maharamia waoshe jahazi, nao wanaosha. Nilisimama nikaipigia makofi. Ile ya mbwa wanaovuta gari kwenye barafu, bwana anamtafuta mchumba aliyepotea, usiende bila kanga ya pili, utaona baridi kweli, na utalia. Ile ya mwana wa mfalme na mfuaji nguo iacheni. Ndefu, na hakuna anayefanya kazi.

Kuna na ile ya kubusiana. Hapo ndipo nilipomtega Rajabu. Bwana na bibi wanasogeleana, wanakaribiana, nami nimekaza macho si kwa pazia, kwake. Alinitazama akakohoa.

"Hapa," akasema, "bwana anampima kama ana homa."

Hawakuachana.

"Homa ni kali," akasema Rajabu.

Benchi za nyuma zikaitikia, "Kali sana! Aitwe daktari!" Nilificha uso kwenye kanga, msinisingizie kwamba nilicheka.

Lakini picha ile ya kwanza nilipoiona tena nilimkamata. Siku ya kwanza mwenye lango alikuwa baba wa binti. Mara hii akawa mjomba. Picha ni ileile, mjomba katoka wapi? Nikasema, haya, huyu ni mwongo, na leo nitamwuliza mbele ya mshenga wake.

Kurudi kwa njia ya Mnazi Mmoja

Tulipotoka jua lilikuwa bado lipo. Nikawatuma Tatu na Mwajuma watangulie, nami nikatembea katikati ya Rajabu na Feruzi.

"Yule ni baba au mjomba?" nikaanza.

Feruzi akarekebisha tarbushi. "Mama, katika sanaa hii..."

"Feruzi, pumzika. Leo mdomo si wako."

Rajabu akasimama. "Bibi, hata mimi sijui," akasema. "Maandishi ni ya Kiingereza. Karani wa tajiri ananiambia mara moja, mengine natia mwenyewe. Siku ile karani alisema baba. Jana akasema amekosea, ni mjomba. Nikaona nisiwadanganye watu mara mbili."

Jibu hilo nililimeza. Lakini lililonileta halikuwa hilo.

"Sasa niambie unamtakia nini Mwajuma."

Akavuta pumzi, akanyanyua mkono, ikatoka ile sauti ya sultani: "Ewe bibi mtukufu, hata nyota..."

"Huyo wa pazia," nikasema. "Mwache kulekule. Nakuuliza wewe."

Mkono ukashuka. Akafumbua mdomo, akaufumba. Watu walikuwa wanatupita na vikapu vyao wakirudi Kariakoo, mmoja akamwita, "Rajabu, tubwekee kama mbwa!", naye hakugeuka. Feruzi alikuwa anaumwa, nilimwona, maneno yanamjaa mashavuni kama maji ya moto. Nikamtazama, akayameza.

Jasho likamtoka kijana. Akatazama viatu vyangu. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia jumbani, ndogo, haina mapambo:

"Bibi, mimi nikitoka kazini narudi nyumbani. Sina jingine la kukuambia."

Tukaendelea kutembea. Tulivuka uwanja wote hivyo, watu watatu wenye midomo, hakuna anayesema. Tulipofika barabara ya upande wa pili nikamgeukia Feruzi.

"Kesho asubuhi uje nyumbani."

"Kufanya nini, mama?"

"Kuposa. Anza tangu mwanzo, kana kwamba hujapata kufika. Na mlete na yeye, akija na kanzu yake mwenyewe."

"Hana nyingine, mama," akasema Feruzi. "Ile ndiyo yake. Alikonda tu."

Usiku ule sikumwambia Mwajuma kitu. Mtoto wa kike asizoee kupata jambo kabla halijafika. Lakini nilimwambia ale, naye akanitazama usoni, akala.

Asubuhi nilikaa ukumbini tangu alfajiri, nimejitanda vizuri. Nikasikia viatu barazani, nikasikia Feruzi anakohoa kusafisha njia ya maneno yake. Akaanza, "Ho..."

Nikasema karibu.